Mtoto Alitangulia

Chibalonza hakuwa mwoga wa safari. Kwao Bukavu alikuwa amepanda malori juu ya magunia ya mihogo, pikipiki za abiria wanne, na meli za Ziwa Kivu zilizoyumba kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake. Lakini treni mpya za Sydney zilimtia hofu ya kweli, kwa sababu hazina dereva. "Sasa nani anaendesha?" aliuliza siku ya kwanza Ketsia, binti yake, alipompeleka kuziona. Ketsia akamwambia ni kompyuta. Chibalonza akaguna. Kompyuta ya pale nyumbani ilikuwa ikikwama kila wiki, na haikuwa imebeba hata mtu mmoja.

Mji mzima ulikuwa na homa ya reli. Huku wanachimba chini ya majumba marefu, kule wamefunga reli ya zamani ambayo Chibalonza hakuiona na kosa lolote, ati waigeuze iwe ya treni hizo hizo za mizimu, na abiria wake wakatupwa kwenye mabasi kwa miezi na miezi. Kila ukuta ulibandikwa picha ya stesheni inayokuja, na ndani ya picha watu wanatembea wakitabasamu, hakuna hata mmoja aliyepotea. Chibalonza alizipita picha hizo bila kuzipa heshima. Yeye alikaa Fairfield, na treni ya Fairfield aliielewa: mbele ina dereva, nyuma ina gadi anayetoa kichwa dirishani na kupiga kipenga. Desturi yake ilikuwa kumkazia gadi macho mpaka gadi amwone, ndipo apande. Waliomcheka aliwaacha wacheke.

Siku ya mkasa huu, hata hivyo, hakuwa na pa kukwepea. Précieux, mjukuu wake wa miaka miwili na nusu, alikuwa akitoka usaha masikioni, na miadi ya daktari waliyoingojea tangu majira ya baridi ilikuwa imefika. Daktari mwenyewe yuko kaskazini, mbali, na njia ya kwenda huko ni hiyo treni mpya inayopita chini ya mji. Ketsia anatunza wazee kwenye nyumba ya wazee. Aliomba ruhusa, akanyimwa.

"Maman, ni rahisi," Ketsia alisema asubuhi akifunga viatu. "Ukifika mjini unashuka na zile escalator, unapanda metro, nitakuwa nakupigia. Lakini mlango unajifunga wenyewe, haungojei mtu. And please, usimwachie Précieux hata kidogo. Unajua hapa si kwetu."

Chibalonza alijua vizuri. Kanisani kwao kulikuwa na habari ya mwanamke wa Ingleburn aliyewaacha watoto ndani akaenda dukani kununua unga, na aliporudi akakuta gari la serikali mlangoni. Watoto wakachukuliwa. Habari hiyo ilikuwa imetiwa chumvi kila Jumapili, hata hakuna aliyejua tena kama mwanamke mwenyewe alikuwa mtu wa kweli. Lakini Chibalonza aliiamini yote, pamoja na chumvi yake. Usiku mwingine aliamka akaenda kumpapasa Précieux kitandani, kuhakikisha tu kwamba yupo.

Basi wakafika mjini, yeye na mtoto kwenye kigari chake, na begi la maziwa, nepi na chakula likining'inia kwenye mkono wa kigari. Wakashuka na lifti, maana ngazi za umeme hakuziamini. Chini kule kulikuwa kweupe na kusafi kama hospitali. Kati ya jukwaa na reli kulikuwa na ukuta wa vioo wenye milango, na nyuma ya vioo hivyo giza tupu. Chibalonza alitafuta kwa macho mtu wa kumtazama, kama alivyozoea kumtazama gadi. Watu walikuwa wengi, wote wameinamia simu zao.

Sasa, kwao kuna desturi ambayo hakuna anayefundishwa. Mtu anazaliwa anaikuta. Chombo kikiwa karibu kuondoka, mama hapandi na mtoto huku, mzigo kule, akaanguka navyo vyote. Mtoto anatangulia. Unamwinua juu, unamtafuta mtu mzima yeyote aliyekwisha ingia, naye ananyoosha mikono anampokea. Halafu unapitisha mzigo, halafu unapanda wewe. Humuulizi huyo mtu jina wala kabila, naye hakuulizi kwa nini umemchagua yeye. Ukishakaa anakurudishia mtoto wako, mnaanza kuzungumza habari za bei ya samaki.

Treni ikaja. Milango ya vioo ikafunguka, na ya treni nayo ikafunguka nyuma yake. Chibalonza alitazama ule mwanya mwembamba kati ya jukwaa na treni, akatazama magurudumu madogo ya kigari. Karibu na mlango, ndani, alikuwa amesimama mwanaume mweusi wa makamo, amevaa kizibao cha rangi ya machungwa kama wanavyovaa mafundi wa reli, viatu vimejaa vumbi jeupe, mfuko wa chakula begani. Chibalonza hakufikiri. Alimtoa Précieux kwenye kigari akamwinua.

"Papa, pokea mutoto."

"Lete, mama," alisema yule mtu kwa Kiswahili, akanyoosha mikono.

Précieux akapita juu ya ule mwanya akaingia mikononi mwa mtu huyo kama walivyopita watoto wote wa ukoo wao. Chibalonza akageuka kuchukua kigari. Breki ikagoma. Akaikanyaga, akainama kuivuta kwa mkono, na hapo hapo akasikia kengele kali ya haraka haraka. Alipoinua kichwa, milango yote miwili ilikuwa imefungwa.

Alikipiga kioo kwa viganja. Ndani yule mtu naye alikuwa anapiga, mdomo wake ukifunguka na kufunga bila sauti kutoka. Précieux alikuwa amemkodolea macho bibi yake, bado hajalia, kama anayesubiri aambiwe mchezo huu unaitwaje. Kisha treni ikaondoka polepole, bila hata kutetemeka, ikawapeleka gizani.

Chibalonza alikimbia kwenye jukwaa. Alikuwa anakimbilia mbele, kwa dereva, apige kelele, ampungie kitambaa, amtukane ikibidi. Mbele hakuna mtu. Akageukia nyuma, kwa gadi. Nyuma hakuna mtu. Hapo ndipo hofu ilipomshika barabara, hofu ambayo hakuwahi kuijua hata kwenye miaka ya kukimbia vita, kwa sababu kule daima palikuwa na mtu wa kumwangukia miguuni. Hapa mtoto wake amechukuliwa na kitu kisicho na masikio. Akapiga ukemi uliowatoa watu wote kwenye simu zao.

"Mungu wangu! Mutoto! Mutoto yangu!"

"Mama! Mama, nini?"

Aliyeuliza kwa Kiswahili alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, amevaa sare ya wafanyakazi wa stesheni, redio ya mkononi kifuani, na kibao cha jina kimeandikwa Cherotich. Alikuwa Mkenya. Siku nyingine Chibalonza angemkumbatia na kumshukuru Mungu kwa kumkuta mtu wa nyumbani chini ya ardhi. Siku hiyo macho yake hayakuona mtu wa nyumbani, yaliona sare.

"Mutoto iko mu treni! Treni imeenda naye!"

"Sawa, pole, tulia. Yuko peke yake?"

"Hapana. Iko na mwanaume."

"Ni mtu wenu? Ni babake?"

"Simujue."

Uso wa Cherotich ukabadilika. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye redio. "Mama, nisikie vizuri. Huyo mwanaume amemchukua mtoto? Amemchukua kwa nguvu?"

Ukweli ulikuwa mfupi na ulikuwa umeshamfika Chibalonza mdomoni: nimempa mimi. Lakini nyuma ya ukweli huo alimwona yule mwanamke wa Ingleburn, mfuko wa unga mkononi, anatazama gari linaondoka na watoto wake. Umempa mtoto mtu usiyemjua? Kwa mikono yako? Je, bibi wa namna hiyo angeachiwa mtoto katika nchi hii?

"Ndiyo," alisema. "Amemukamata."

Cherotich akaongea na redio kwa Kiingereza cha haraka, na Chibalonza akashika maneno machache tu: mtoto, mwanaume, mweusi, machungwa, polisi. Kila neno lilimchoma. Cherotich alipomaliza alimshika bega akamkalisha kwenye benchi. "Usiogope, mama. Kuna camera kila mahali hapa. Wata-check footage, wataona kila kitu."

Alidhani anampa moyo. Chibalonza aliinua macho akayaona, yale madude meusi ya mviringo darini, moja hapa, jingine pale, jingine juu kabisa ya mlango aliosimama. Sasa alikuwa na hofu mbili, moja ya mtoto asionekane, nyingine ya kitendo chake kuonekana, na hakuweza kuombea moja bila kuichokoza ya pili.

Simu ikalia. Alikuwa Ketsia, akitaka kujua kama wamepanda salama.

Chibalonza alimweleza kwa Kishi, lugha yao ya nyumbani, kwa sauti ya chini, akimpa Cherotich mgongo. Alimweleza yote, pamoja na kuinua mtoto, pamoja na "Lete, mama." Upande wa pili kukawa na kilio, kisha Ketsia akarudi kwenye Kiswahili chake cha Fairfield.

"Maman, listen to me. Listen. Usiwaambie ulimpa. Unasikia? Ukisema ulimpa, they'll say tumemtelekeza. Watakuja nyumbani, watamchukua Précieux. Sema tu alinyakua."

"Nimeshasema," alijibu Chibalonza.

"Good. Baki hapo hapo. Mimi nakuja." Akakata.

Redio ya Cherotich ikakoroma. Alisikiliza, uso ukazidi kukaza. "Hakushuka kituo kinachofuata," alisema. "Wenzangu walikuwa wakimtafuta kwa platform, hakuna mtu kama huyo. Amebaki ndani." Halafu, kwa sauti ya chini, kama anajisemea: "Hiyo si nzuri. Mtu mwenye nia safi angeshuka stesheni ya kwanza tu, abonyeze kitufe cha msaada, angojee. Si ni hivyo?"

Chibalonza alikuwa ameelewa kitu. Ketsia alipokuwa wa mwaka mmoja, bandarini Bukavu, meli iliwahi kuondoka naye hivi hivi, mikononi mwa mama mmoja muuza vitenge, huku Chibalonza akibishana na mchukuzi wa mizigo. Meli ilitia nanga visiwani njiani, lakini yule mama hakushuka popote. Alienda mpaka Goma, mwisho wa safari, akakaa gatini na mtoto siku nzima ya pili, mpaka Chibalonza alipofika na meli nyingine. Maana ndivyo inavyofanywa. Ukipokea mtoto wa mtu na mama yake akaachwa, hushuki katikati ukapotezana naye. Unaenda mpaka chombo kinapoishia, kwa sababu huko kila anayetafuta atafika tu. Kwa hiyo yule mtu hakuwa anakimbia. Jambo lile lile lililowatia wenzake Cherotich wasiwasi ndilo lililomwambia Chibalonza kwamba Précieux yuko salama, na kwamba anayetafutwa na polisi hana hatia yoyote.

Angeweza kusema hapo. Cherotich alikuwa ameketi kando yake, mkono bado begani. Chibalonza alifumbua mdomo, akasema tu, "Iko anaenda mwisho."

"Umejuaje?"

"Nasikia tu mu roho."

Cherotich alimtazama kidogo, akasimama. "Twende basi. Tutapanda inayofuata. Nitaenda na wewe."

Kuingia ndani ya ile treni kulikuwa kama kuingia mdomoni mwa mnyama aliyekwisha kumla mtu wako. Chibalonza alisita mlangoni mpaka Cherotich akamvuta mkono. Walikaa mbele kabisa, mahali ambapo dereva angekuwa, na badala ya dereva kulikuwa na dirisha kubwa. Reli ilikuja mbio kutoka gizani ikaingia chini ya miguu yao. Chibalonza aliyafumba macho, akayafumbua, akayafumba tena. Kigari kitupu kilikuwa mbele ya magoti yake na alikishika kwa mikono miwili. Aliomba, lakini sala ilimponyoka kila alipofika kwenye neno la kusamehewa, akawa anaanza upya.

Stesheni zilipita. Kwenye kila moja alikodoa macho jukwaani, na kila mara hapakuwa na kizibao cha machungwa. Je, kama amekosea? Je, kama mtu huyo kakulia hapa, hajui habari za meli wala za malori, na alinyoosha mikono kwa nia nyingine kabisa? Alimjua nini? Maneno mawili. Mtu anaweza kusema "Lete, mama" na bado akawa shetani. Aliona aibu kumwaza hivyo, kisha akaona hofu, na hofu ikaimeza aibu. Treni ikatoka chini ya ardhi, mwanga ukaingia ghafla, yakaonekana mapaa na miti na barabara, mji mkubwa usio na mwisho ambamo mtoto mmoja angeweza kupotea daima.

Redio ikakoroma tena. Cherotich aliisikiliza huku amesimama, kisha akaketi kwa kishindo akamshika Chibalonza mikono yote miwili.

"Wamempata! Mama, wamempata, ni mzima! Alikuwa kwa benchi huko mwisho. Hana hata mkwaruzo."

Chibalonza akalia. Alilia kwa sauti, bila kujali abiria, kilio cha mtu aliyeshushiwa gunia zito begani. Cherotich naye akafuta macho kwa mkono wa sare. Ilipita muda kabla Chibalonza hajaweza kuuliza lile lililokuwa linamsubiri.

"Na ule papa?"

"Huyo? Polisi wamemshika. Usijali, hatakusumbua tena."

Basi ilikuwa hivyo. Akinyamaza, jioni hiyo Précieux angelala kwenye kitanda chake Fairfield, na hakuna ambaye angekuja kubisha mlango. Labda hata kamera zisingetazamwa, maana nani anahangaika na picha wakati mtoto amepatikana na mwizi amekamatwa? Bei ya kunyamaza angeilipa mtu mwingine, ambaye hata jina lake halijui. Chibalonza alijaribu kujiambia kwamba wangemwachia tu baada ya kumhoji. Lakini alikuwa ameishi muda wa kutosha kujua mambo yanavyomwendea mtu mweusi aliyekutwa na mtoto asiye wake. Njia yote iliyobaki aliitazama tu ile redio kifuani mwa Cherotich.

Stesheni ya mwisho ilikuwa wazi, juu ya ardhi, upepo unavuma. Aliwaona kabla treni haijasimama. Polisi mwanamke alikuwa amembeba Précieux, naye mtoto analia na kujinyonga mikononi mwake. Hatua chache kutoka hapo, chini sakafuni, yule mtu alikuwa ameketi ameegemea ukuta, miguu imenyooshwa, mikono imefungwa pingu nyuma, polisi wawili wamesimama juu yake. Abiria waliokuwa wakipita walipunguza mwendo kumtazama, na mama mmoja akamvuta binti yake upande wa pili.

Yule mtu alipomwona Chibalonza uso wake uling'aa. "Mama! Afadhali umefika. Waambie. Mimi Niyonzima, natengeneza reli tu, nilikuwa natoka kazini. Nimewaambia, hawataki kunisikia. Waambie ulinipa!"

Chibalonza alipita akamchukua Précieux kwanza. Mtoto akamkwea shingoni, akamng'ang'ania kwa nguvu zote. Hapo ndipo alipoona kwamba Précieux amefungwa kile kizibao cha machungwa mwili mzima, vizuri, kama mtoto anavyofungwa kitenge, kwa ajili ya upepo. Na mkononi ameshika kipande cha ndizi iliyomenywa. Na kamasi, ambazo siku hizi hazikumwisha puani, zilikuwa zimefutwa. Niyonzima mwenyewe alikuwa amebaki na shati jepesi, na alikuwa anatetemeka kwa baridi.

Polisi mwanamke akauliza kitu. Cherotich akatafsiri: "Anauliza, unamjua huyu mtu?"

"Hapana," alisema Chibalonza, na ulikuwa ukweli mtupu.

Niyonzima akafumba macho.

"Mama." Cherotich alikuwa amesogea karibu sana, anaongea polepole. Alikuwa ameiona ile furaha usoni mwa Niyonzima, na mtu aliyeiba hafurahi kumwona mwenye mali. "Mama, niambie mimi. Ulimpa?"

Chibalonza alimkumbatia mjukuu wake mpaka mtoto akalalamika. Kama wangemchukua, alifikiri, wangemchukua namna gani? Wangemwacha ambusu? Wangesubiri mama yake afike? Akilini alimwona Ketsia anashuka treni anakuta mikono ya mama yake mitupu. Aliposema, alisema moja kwa moja na yule polisi, bila kumngojea Cherotich, kwa Kiingereza chake kidogo, ili pasiwe na mtu wa kumlainishia maneno.

"Me. I give. I give him the baby."

Upepo ukavuma. Polisi mwanamke akamtazama yeye, akamtazama Niyonzima, kisha akaongea kwa muda, na sauti yake haikuwa kali, jambo ambalo lilimtisha Chibalonza zaidi kuliko ukali.

"Anasema, kwa hivyo ulidanganya," alitafsiri Cherotich, bila kumtazama usoni. "Na anauliza, ulimpa mtoto mtu usiyemjua. Kwa nini?"

Chibalonza alitafuta jibu. Habari ya meli na malori na bandari isingepita kwenye mdomo wa mtafsiri yeyote ikafika nzima. Akasema lile tu alilokuwa nalo.

"Kwa sababu alinyoosha mikono."

Cherotich akalitafsiri. Polisi mwanamke aliwapa wenzake ishara, wakamwinua Niyonzima, wakamfungua. Kisha akamweleza Chibalonza, kupitia Cherotich, kwamba mtoto anaweza kurudi nyumbani na familia yake leo, ila kuna watu watakaokuja kuzungumza nao wiki hii, yeye na mama wa mtoto. Watakuja saa ngapi? Wangapi? Watasema nini? Cherotich hakujua. Chibalonza aliitikia kwa kichwa. Hofu haikuwa imeondoka. Ilikuwa imehamia tu kwenye mlango wa nyumba yake, na ingemngoja huko.

Alimfungua Précieux kile kizibao, akamfunika kwa kitenge chake, akamwendea Niyonzima, ambaye alikuwa anasugua vifundo vya mikono na kuokota vitu vya mfuko wake wa chakula vilivyomwagwa sakafuni. Chibalonza alipiga magoti, mtoto kifuani. "Papa, pardon. Nisamehe. Niliogopa watanikamatia mutoto."

"Simama, mama, watu wanatazama." Alimpokea kizibao, akakivaa. "Yameisha. Mtoto ana njaa, mpe ale." Hakuwa na hasira. Alikuwa na sauti ya mtu aliyechoka sana, na kila mara polisi mmoja aliposogeza mguu, yeye alishtuka.

Miadi ya daktari ilikuwa imeshapita, na Ketsia alikuwa akiwangoja mjini. Treni ya kurudi mjini ikaingia. Ilikuwa ndiyo treni yao wote, kwa hiyo wakasogea mlangoni, Niyonzima mbele, wao nyuma. Mbele yake mwanamke mmoja kijana wa Kizungu alikuwa akihangaika kuingiza kigari cha pacha, gurudumu moja limenasa kwenye ule mwanya, mtoto mmoja begani anamteleza. Kengele ya mlango ikaanza kulia. Yule mwanamke akageuka, akamwona Niyonzima, akamwinulia mtoto kidogo, kama anayetaka amshikie kidogo tu.

Niyonzima alirudi nyuma hatua mbili, akaitia mikono yake yote miwili mifukoni, ndani kabisa, akatazama chini.

Cherotich alipita mbio akasaidia kukinasua kile kigari, akarudi jukwaani. Milango ikafungwa, treni ikaondoka, Niyonzima akabaki jukwaani anangoja nyingine, mikono bado mifukoni. Chibalonza naye alibaki, akasimama mbali naye kidogo, amemkumbatia Précieux, na hakuthubutu kumsemesha.